Tisa Walioteleza Bafuni

Kwa miaka sita Salme Idarus aliamini kwamba yeye ndiye aliyekuwa akiwalinda wasichana wa Muthangari, na ungemwambia vingine angekukaribisha chai kwanza kisha akakutimua. Alikuwa matroni wa bweni katika chuo kidogo cha ukarani, chuo cha wasichana sitini hivi waliojifunza taipu na hati mkato wapate kuajiriwa katika maofisi ya mjini. Kwao ni Mombasa, Mji wa Kale. Nairobi aliletwa na mumewe Shamsudin, karani wa reli, ambaye alifariki mwaka wa 1966 akamwacha hana mtoto wala ndugu wa karibu. Mwaka uliofuata akapata kazi hii. Wasichana, wengi wao kutoka Kiambu na Machakos, walikicheka Kiswahili chake kwa wiki moja, halafu wakaanza kumwita Mama.

Na alikuwa mama kweli. Alijua nani ana tumbo la hedhi, nani ameachwa na mchumba, nani analia kwa kuwa hakupata barua. Alikuwa mkali wa mdomo na laini wa mkono. Akikugombeza asubuhi, jioni utakuta amekuwekea kipande cha mkate wa sinia chini ya sahani.

Bweni lilikuwa na Kitabu cha Matukio, jalada jeusi gumu, na ndani ya jalada palibandikwa amri iliyopigwa taipu. Mfanyakazi yeyote, awe mwalimu, mpishi au mtunza bustani, akiambiwa na mwanafunzi kuhusu uhalifu uliotendeka ndani ya uwanja wa chuo, auandike siku hiyohiyo, ataje mahali, saa na mtu aliyetajwa, na kila Ijumaa kitabu kipelekwe kwa mkuu wa chuo. Amri haikumwambia mtu apime kwanza, wala asubiri, wala amalize mwenyewe. Salme aliijua kwa moyo.

Tatizo ni kwamba kwao jina la mwanamwali haliandikwi ovyo. Kwenye cheti cha ndoa, sawa. Kwenye pasi ya kwenda Makka, sawa. Lakini jina la msichana kwenye daftari, pembeni ya neno kama kushikwa kwa nguvu, lisomwe na mkuu wa chuo, na karani wake, na mabwana wa bodi wanaokuja kula biskuti? Nyumbani kwao mambo hayo wanawake waliyamaliza jikoni, mlango umefungwa, na mkosaji akaambiwa usoni kwamba amejulikana. Desturi hiyo ya kumfunika mtu asiaibike waliiita sitara, na Salme alikua nayo kama alivyokua na jina lake.

Jumamosi moja ya Machi 1969, msichana anayeitwa Wanjugu alirudi kutoka stoo mikono mitupu. Stoo ilikuwa jengo la mawe nyuma ya jiko, lenye chumba cha juu cha shuka na mablanketi, na karani wake alikuwa Bwana Kihara, mtu wa tai na salamu nyingi. Kila Jumamosi baada ya chakula cha mchana wasichana walikwenda kwake kubadilisha shuka. Wanjugu alikuwa amevimba kifundo cha mkono na vifungo viwili vya blauzi vimekatika.

"Kihara alifunga mlango, Mama," alisema. "Akanishika. Nilimuuma mkono ndio nikatoka."

Salme alimkalisha, akamkanda kwa maji ya chumvi, akampa chai ya tangawizi. Halafu akafungua kitabu mbele yake, akaandika. Wanjugu, aliyekaa ng'ambo ya meza, aliitazama kalamu mpaka ilipotua. Mistari ilikuwa mitatu: Wanjugu, chumba cha nne. Ameteleza bafuni. Mkono umeteguka.

Kisha Salme akajitanda buibui lake akaenda stoo, akapiga meza ya Kihara kwa kiganja mpaka wino ukamwagika.

"Mshenzi wee! Mtoto wa mtu yule! Ukirudia nitakuumbua mbele ya kadamnasi!"

Kihara aliinamisha kichwa. Alisema ni kweli amekosa, shetani alimpitia, mama amsamehe, hatarudia tena. Alisema vizuri sana. Salme alirudi bwenini akiwa ameridhika kabisa, akalala usingizi mzito.

Anayesoma ataguna hapa, na ana haki ya kuguna, maana katika miaka minne iliyofuata walikuja wengine wanane. Mmoja baada ya mwingine, na shuka au bila shuka, na kila mmoja aliandikiwa bafu. Ameteleza bafuni. Ameteleza bafuni. Mmoja, kwa kubadilisha kidogo, alijigonga kwenye sinki. Kila mara Salme alikwenda stoo kufoka, na kila mara Kihara aliomba radhi kwa maneno yaleyale. Salme akatunga sheria yake, kwamba wasichana waende stoo wawiliwawili, na hapo akaona amemaliza kazi.

Sasa mkuu wa chuo, Bi Virginia Mungai, hakuwa mtu wa kusaini bila kusoma. Alisoma kila mstari, akatia saini kwa wino wa kijani, na kufikia mwaka wa 1971 alikuwa na wasiwasi wa kweli juu ya bafu lile. Akamleta fundi. Sakafu ikavunjwa, ikamwagwa saruji ya kukwaruza, yakatandikwa mazulia ya mpira, ukutani kikabandikwa kibao cha kuwaambia wasichana watembee polepole. Katika hotuba ya kufunga mwaka aliwaeleza mabwana wa bodi kwamba chuo hakijapata tukio hata moja la uhalifu, na kwamba hata ajali ndogondogo zinashughulikiwa. Mabwana wakapiga makofi. Salme naye, amekaa nyuma karibu na birika la chai, akapiga makofi. Wasichana walipoendelea kuteleza, fundi aliitwa akakaripiwa, na maskini wa Mungu aliapa kwamba juu ya saruji ile hata kipande cha sabuni hakiwezi kuteleza.

Ndipo ikaja Jumamosi ya Munyiva, mwezi wa Juni 1973.

Munyiva alikuwa msichana wa miaka ishirini kutoka Machakos, mrefu, mkimya, wa kwanza kwa taipu darasani kwao. Mwenzake wa kwenda naye stoo alikuwa na homa siku ile, kwa hiyo alikwenda peke yake. Kihara alimwambia shuka safi ziko juu, apande achague. Alipofika juu alisikia hatua nyuma yake na komeo likiingia. Hakungoja kujua zaidi. Alifungua dirisha akaruka.

Salme alikuwa akianua nguo aliposikia mshindo, kisha ukelele wa mpishi. Alikimbia na leso mkononi. Munyiva alikuwa amelala juu ya mawe ya mfereji, mkono wa kulia umepinda mahali ambapo mkono haupindi, paja limelowa damu. Macho yalikuwa wazi.

"Niliruka, Mama," alisema. "Ni Kihara. Alifunga."

Salme alitazama juu. Dirisha lilikuwa wazi na pazia linapepea, na Kihara amesimama pale akirekebisha tai. Ambulensi ilipofika kumchukua Munyiva kwenda hospitali kuu kule mlimani, mpishi ndiye aliyemshika Salme mkono akamkalisha kwenye ngazi ya jiko.

Madaktari wakawaita polisi, kwa kuwa msichana haanguki ghorofani hivihivi. Jumatatu asubuhi Inspekta Mwololo alikuwa ameketi ofisini kwa mkuu wa chuo, kofia gotini, na Kitabu cha Matukio mbele yake. Bi Virginia alikuwa upande mmoja wa meza, Salme mwingine.

"Huyu Bwana Kihara anasema msichana alipanda juu kuiba shuka," Inspekta alianza. "Aliposikia mtu anakuja, akaogopa, akaruka. Anasema ako hapa miaka tisa na hakuna mtu amewahi kumshtaki na kitu yoyote. Na ametoa shahidi."

"Shahidi gani?" aliuliza Bi Virginia.

"Huyu mama." Inspekta alielekeza kalamu kwa Salme. "Amesema, muulizeni Bi Salme. Ni mtu wa dini, hawezi kusema uongo. Amenijua miaka sita na kitabu ni yake."

Mtu akikumwagia maji ya barafu mgongoni huruki kama ulivyoruka moyo wa Salme. Shahidi wake! Yule mshenzi aliyekuwa akimwinamishia kichwa miaka yote, alikuwa akiinama huku anahesabu kurasa. Kila Salme alipofoka na kuondoka, na polisi wasije, Kihara alijua kilichoandikwa na kisichoandikwa. Salme alishika ukingo wa meza.

Inspekta alikuwa akifungua kurasa taratibu. Akarudi nyuma, akaenda mbele, akarudi tena.

"Hii bafu yenu iko na shida gani?"

"Tuliitengeneza," Bi Virginia alisema upesi. "Sakafu nzima. Mwaka wa sabini na moja."

"Watu tisa wameanguka, Madam. Na nimeangalia tarehe. Wote Jumamosi." Aliinua macho. "Wasichana wenu wanaoga Jumamosi peke yake?"

Nje mtunza bustani alikuwa akikata ua na makasi yake yalisikika wazi. Bi Virginia alijivutia kitabu, akasoma tarehe. Alimgeukia Salme polepole, na rangi yote ilikuwa imemtoka usoni.

"Salme. Wale wasichana walianguka?"

"Hapana, Madam."

"Hata mmoja?"

"Hata mmoja."

Bi Virginia alivua miwani akaiweka juu ya kitabu. "Mimi nilisaini," alisema. "Zote nilisaini. Nikamgombeza fundi."

Inspekta hakuwa mtu mbaya, alikuwa mtu wa kazi. Alimweleza Salme waziwazi. Mtu aliyeandika uongo mara tisa kwa mkono wake mwenyewe hawezi kwenda kortini kusema kwamba safari hii ni kweli, wakili atamla mzimamzima. Alitaka mmoja wa wale tisa aje aseme kwa kinywa chake. Angengoja mpaka Alhamisi.

"Nikikosa, hii faili nafunga," alisema. "Kihara anarudi stoo. Na huyo msichana akitoka hospitali itabidi ajibu maneno ya wizi."

Usiku ule Salme aliyapitia majina. Mmoja alikuwa ameolewa Kisumu, mwingine alikwenda Ulaya, wengine hakujua hata waliko. Mjini alimjua mmoja tu, Wanjugu, aliyepata kazi katika duka la kupiga chapa River Road. Wanjugu alikuwa ameacha masomo ghafla, miezi mitatu baada ya mkasa wake, kabla ya mtihani. Salme alidhani ni karo. Alikuwa hata akimwombea dua, Mungu amfungulie mlango mwingine.

Jumanne mchana alimkuta nyuma ya kaunta, kati ya marundo ya kadi za harusi na vitabu vya risiti, vidole vyeusi kwa wino, mashine zikigonga nyuma yake. Alikuwa mwanamke mzima sasa. Alifurahi kumwona, akamshika mikono yote miwili, akaomba ruhusa, wakaenda hoteli ya jirani kunywa chai. Salme alimweleza yote, tangu dirisha mpaka faili. Wanjugu alisikiliza akikigeuzageuza kijiko.

"Lakini Mama," alisema, "kwani ile yangu haitoshi?"

"Ipi, mwanangu?"

"Si uliandika? Nilikuwa nimekaa pale. Niliona kalamu ikienda." Alionyesha kwa kidole juu ya meza, mstari, mstari, mstari. "Nikajua sasa imeandikwa. Ijumaa Principal atasoma, Jumatatu polisi watakuja. Nilingoja. Kila gari ikiingia kwa geti nilikuwa nachungulia dirisha. Nilingoja mpaka Juni, Mama. Hakuna mtu alikuja. Nikaona basi, wamesoma wote na wameona mimi si kitu. Ndio nikatoka."

Karo. Miaka minne Salme alikuwa akimwombea binti wa watu dua ya karo.

"Kwani uliandika nini?" Wanjugu aliuliza.

Kulikuwa na maneno ya kuzungukia, na Salme aliyajua yote, maana kwao walifunzwa kuzunguka. Hakupata hata moja.

"Niliandika umeteleza bafuni."

Wanjugu aliweka kijiko chini. Mhudumu alipita akipiga kelele ya sambusa na chapati. Watu wawili meza ya pili walikuwa wakicheka. Wanjugu naye akacheka, mara moja tu, kicheko kikavu kilichomtisha Salme kuliko kama angelia.

"Nimechukia Principal bure," alisema. "Nilikuwa nikimwona barabarani navuka upande ile ingine."

"Nilitaka kukusitiri, Wanjugu. Wallahi. Jina lako lisichezewe."

"Sasa ni nani alisitirika, Mama? Mimi?"

Machozi yalikuwa yakimtiririka Salme na hakuyapangusa.

"Mimi siendi polisi," Wanjugu alisema, akiinuka. Hakusema kwa hasira. "Niko na mume, ako na watu wake. Na mimi nilisema. Nilisema siku ileile, kwa mtu aliyewekwa pale kusikia. Sasa enda useme wewe."

Salme alikaa pale mpaka chai ikaota ngozi. Alitoka akatembea River Road nzima bila kuona watu, akipigwa vikumbo na wachukuzi, akitukanwa, na kila hatua alijiona yuko ng'ambo ya meza, kalamu mkononi, na mtoto anamtazama akiwa na tumaini. Tumaini lile ndilo lililomuua. Alikuwa amelitazama usoni mara tisa asilitambue.

Jumatano asubuhi alifika kituo cha polisi kabla Inspekta hajanywa chai.

"Umenipatia mtu?" Inspekta aliuliza.

"Andika mimi."

"Mama, tulisema haya maneno. Wewe hukuona kitu. Wewe uliandika bafu."

"Sikuona. Lakini nilikwenda kwake mara tisa, nikamshutumu usoni, na mara tisa alikiri. Aliniomba radhi. Nayakumbuka maneno yake yote, na siku, na alivaa tai gani."

Inspekta alikuwa ameinua kikombe. Alikirudisha mezani.

"Alikiri kwako?"

"Ndivyo tunavyofanya kwetu. Mkosaji huambiwa usoni mpaka akubali."

"Na yeye mwenyewe," Inspekta alisema polepole, akitafuta karatasi, "ndiye alisema huyu mama hawezi kudanganya. Aliandikisha na akaweka sahihi."

Taarifa ilichukua saa nne. Salme alitaja kila jina, kila chumba, kile msichana alichosema, uongo ulioandikwa, na majibu ya Kihara. Inspekta alimwonya kwamba anajishtaki mwenyewe, kwamba kazi itakwenda na labda zaidi ya kazi. Salme alimwambia aendelee kuandika. Mwishoni Inspekta alinyoosha vidole, akahesabu majina.

"Tisa. Na Munyiva kumi. Hawa ndio wote?"

Salme alikuwa karibu kusema ndiyo. Akamkumbuka Wanjugu akichungulia dirishani miezi mitatu, na wenzake wa chumba cha nne wakimwona anachungulia na hakuna gari linalokuja.

"Hawa ni wale walioniambia," alisema.

Kihara alikamatwa Alhamisi, akikunja mablanketi. Kesi ilipotajwa gazetini, wasichana wawili wa zamani walikuja wenyewe, mmoja kutoka Kisumu na mwingine ambaye hakuwamo kitabuni kabisa. Kihara alifungwa. Bi Virginia aliandika kwa mkono wake barua ya kumfuta Salme kazi, kwa kuvunja amri ya chuo, akampelekea mwenyewe chumbani, na Salme aliisoma akasema ni haki. Hakuomba arudishwe. Aliyeniambia habari hizi anasema hakumsikia hata siku moja akijitetea.

Siku aliyofungasha virago, kabla hata kesi haijasikilizwa, Salme alipitia hospitali. Munyiva alikuwa amelala, mguu umening'inizwa, mkono wa kulia kwenye plasta kuanzia bega hadi vidole. Inspekta alikuwa ameshamweleza. Aliitikia salamu, akageuza uso ukutani.

"Wanjugu alisema mwaka wa sitini na tisa," alisema bila kugeuka.

"Ndiyo."

"Ungeandika, mimi ningekuwa nafanya mtihani sasa."

"Ndiyo," alisema Salme.

Alingoja afukuzwe. Alikuwa ameshashika mkoba. Munyiva akageuka, akatazama mkono wake wa plasta, kisha akatazama kabati dogo la kando ya kitanda ambamo mlikuwa na karatasi na kalamu.

"Mama yangu hajui," alisema. "Ameambiwa nimeumia tu. Siwezi kuandika, na manesi hawana wakati. Andika wewe. Yote, na jina la Kihara."

Salme alivuta stuli, akaandika. Munyiva alimwambia neno kwa neno, naye aliandika neno kwa neno, ukurasa mzima na nusu ya pili. Alipomaliza alikunja barua mara moja, akanyoosha mkono kuchukua bahasha.

"Usikunje," Munyiva alisema. "Nisomee kwanza kile umeandika."